Kwa treni ya U6 kwenda kumwona mjusi wa Tendaguru

Familia ya Kitanzania inayoishi Ujerumani, au inayokwenda huko kutembelea ndugu wakati wa likizo, haikosi kuulizana siku moja: yule mjusi mkubwa wa Lindi yuko wapi, na watoto wanafikaje? Yuko Berlin, katika Makumbusho ya Historia ya Asili, ambayo wenyeji huyaita Museum für Naturkunde, barabara ya Invalidenstraße. Kufika ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ni kupanda treni ya chini ya ardhi, njia ya U6, na kushuka kituo chenye jina la makumbusho yenyewe, Naturkundemuseum.

Kazi iko njiani, na kubwa zaidi iko mbele ya mifupa, pale mtoto atakapouliza swali ambalo wazazi wengi hawakujiandaa kulijibu.

Hakuna geti, lakini si bure

Vituo vya treni za chini ya ardhi vya Berlin havina geti. Mtu hushuka ngazi kutoka barabarani na kujikuta kando ya reli bila kuulizwa chochote. Mgeni anayeona hivyo mara ya kwanza huweza kufikiri usafiri ni bure, na hapo ndipo anaponaswa. Wakaguzi hupanda wakiwa wamevaa nguo za kawaida kama abiria wengine, milango ikifungwa wanatoa vitambulisho. Asiye na tiketi halali hutozwa euro 60, na kujitetea kwa ugeni hakusaidii.

Tiketi ya karatasi isiyo na muhuri wa saa nayo haihesabiki. Mashine za kupiga muhuri zipo palepale kwenye jukwaa, ndogo, rahisi kupitwa na mzazi aliyeshika mikono miwili ya watoto na begi mgongoni.

Mtoto wa chini ya miaka 6 hasafiri kwa nauli. Kuanzia miaka 6 hadi 14 kuna nauli iliyopunguzwa. Wanafunzi wa shule za Berlin wana kadi yao ya kusafiria bila malipo tangu 2019, na hapa familia nyingi zinaweza kujikwaa: mtoto mwenyeji ana kadi, lakini mtoto wa shangazi yake aliyekuja likizo kutoka Mbagala hana, hata kama wana umri mmoja na wamevaa sare ya rangi moja siku hiyo. Huyo akatiwe tiketi.

Jiji limegawanywa katika kanda A, B na C. Kwa safari ya makumbusho tiketi ya AB inatosha. Anayetoka moja kwa moja uwanja wa ndege anahitaji ABC, kwa sababu uwanja uko kanda C. Tiketi ya safari moja hudumu saa mbili, nayo ni ya kwenda tu; ya kurudi ni nyingine. Mwenye watoto wanaotaka kushuka hapa na pale atapata utulivu zaidi kwa tiketi ya saa 24.

Jina la kituo cha mwisho

Mbele ya treni hakuandikwi kwamba inakwenda mjini au inatoka mjini. Huandikwa jina la kituo cha mwisho. Kwa U6 majina ni mawili: Alt-Tegel kaskazini na Alt-Mariendorf kusini. Mtoto anayejua kusoma apewe kazi hiyo, kwamba yeye ndiye atakayeangalia jina kabla ya familia kupanda. Wanaipenda, na wanakosea mara chache kuliko baba anayesoma ujumbe kwenye simu.

Anayefikia Hauptbahnhof, kituo kikuu cha treni, anaweza kuchukua U5 hadi Unter den Linden, akabadilisha hapo kupanda U6 ya kuelekea Alt-Tegel, na Naturkundemuseum ni kituo cha tatu. Mwenye kigari cha mtoto aangalie kwanza kwenye ramani ya njia za treni, maana vituo vyenye lifti vina alama yake. Kuna pia tramu inayotoka kituo kikuu na kupita Invalidenstraße. Haina mvuto wa kupita chini ya ardhi, lakini haina ngazi, na kwa mama mwenye mtoto mchanga hilo linatosha.

Kabla ya kuteremka ngazi, jambo moja lisemwe na kurudiwa. Milango ya treni hufungwa haraka, na haimsubiri mtoto aliyeduwaa. Sauti ikitangaza "zurückbleiben, bitte" hakuna tena kupanda. Kanuni ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaweza kuishika ni hii: aliyebaki kituoni abaki palepale, asitoke nje, asipande treni nyingine. Aliyeondoka na treni ashuke kituo kinachofuata na kusubiri palepale. Mzazi ndiye atakayemfuata. Kwenye majukwaa kuna pia nguzo yenye kitufe cha dharura cha kuzungumza na wahusika. Mtoto aonyeshwe inavyofanana siku ya kwanza, akiwa hana hofu.

Kuanzia Rehberge

Kwa familia yenye asili ya Afrika Mashariki, kuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia safari hii kuliko kituo kikuu. Kaskazini mwa jiji, eneo la Wedding, U6 ina kituo kiitwacho Afrikanische Straße, na kinachofuata ni Rehberge. Vyote viko kando ya kile Wajerumani wanachokiita Mtaa wa Kiafrika. Huko mtoto atasoma kwenye vibao Sansibarstraße, Tangastraße, Ugandastraße.

Atafurahi kwanza, na afurahi. Halafu aambiwe majina hayo yalifikaje. Mitaa mingi ilipewa majina ya nchi na miji ambayo Ujerumani iliitawala au iliitamani. Barabara moja iliitwa Petersallee tangu 1939, kwa heshima ya Carl Peters, yule ambaye vitabu vya historia vya Tanzania vinamtaja kwa mikataba ya hila na ukatili. Baada ya miaka mingi ya madai ya Waafrika wanaoishi Berlin na wenzao Wajerumani, Agosti 2024 jina hilo liliondolewa. Sehemu moja ya barabara sasa inaitwa Anna-Mungunda-Allee, jina la mwanamke shujaa wa Namibia. Nyingine inaitwa Maji-Maji-Allee.

Kutoka Rehberge, treni ya kwenda Alt-Mariendorf hufika Naturkundemuseum kwenye kituo cha sita, bila kubadilisha, bila hata robo saa kwisha. Vita vya Majimaji na mifupa ya Tendaguru ni habari za eneo moja, kusini mwa Tanzania, na za miaka inayofuatana. Hapa Berlin zimeunganishwa na reli moja. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini mzazi anayejua anaweza kuitumia robo saa hiyo vizuri.

Katikati ya safari kuna kingine cha kuwaambia watoto. Baada ya kituo cha Reinickendorfer Straße, treni hupita chini ya mahali ulipokuwa mpaka wa Berlin Magharibi na Mashariki. Kuanzia Agosti 1961 hadi 1990 treni za magharibi ziliendelea kupita hapa, lakini vituo vya upande wa mashariki vilifungwa. Zilipita polepole kwenye majukwaa yenye mwanga hafifu, walinzi wakitazama, na hakuna aliyeruhusiwa kushuka. Watu waliviita vituo vya mizimu. Schwartzkopffstraße kilikuwa kimojawapo, na hiki cha makumbusho pia, ingawa wakati huo hakikuwa na jina hili. Amelipata 2009 baada ya kubadilishwa jina zaidi ya mara moja tangu kifunguliwe 1923. Watoto wa miaka minane hadi kumi na mbili husikiliza habari hii bila kupepesa macho. Wadogo zaidi waachwe wahesabu vituo.

Mbele ya mifupa

Makumbusho yako mwendo wa dakika chache kutoka kituoni. Hufungwa Jumatatu, na ni vyema kuangalia ukurasa wao wa intaneti kabla ya kutoka nyumbani, kwa sababu ni jengo la zamani na kumbi hufungwa kwa matengenezo.

Ukumbi mkubwa wa dinosaria ndio unaompokea mgeni. Yule wa katikati ana urefu wa mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na ndiye mrefu kuliko mifupa yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Wataalamu hawamhesabu kuwa mjusi, lakini kwa Watanzania jina limeshakaa. Aliishi takriban miaka milioni 150 iliyopita. Wenzake kadhaa waliomo ukumbini, akiwemo Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, walitoka eneo hilohilo la kusini.

Na hapa ndipo swali huja. "Mama, kama ni wa kwetu, mbona yuko huku?"

Kuna majibu mawili ya haraka, na yote mawili ni mabaya. La kwanza ni kusema "Wazungu waliiba" na kuvuta mkono wa mtoto kuelekea mgahawani. Mtoto anabaki na hasira asiyojua aipeleke wapi, na habari hana. La pili ni kusema yangebaki Lindi yangeharibika, heri walivyoyachukua. Hilo ni baya zaidi, kwa kuwa linamfundisha mtoto kwamba kwao hakuna anayejua kutunza kitu.

Jibu refu linawezekana, na mtoto wa shule ya msingi analimudu. Kilima cha Tendaguru kiko mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913, wakati nchi ikiwa koloni la Ujerumani, wataalamu kutoka Berlin, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, waliendesha uchimbaji mkubwa pale. Vita vya Majimaji vilikuwa vimezimwa 1907 tu. Waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyoletwa na jeshi kuchoma mashamba na vyakula walikuwa wengi mno. Makadirio mengine hufikia watu 300,000. Watu wa maeneo hayohayo, miaka miwili baadaye, ndio walioajiriwa kwa mamia kuchimba, kusafisha, kufungasha na kubeba. Takriban tani 230 za mifupa zilisafirishwa. Zilitoka kilimani hadi bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, kisha zikapakiwa melini. Mwenye nchi hakuulizwa, maana kwa sheria ya wakati huo mwenye nchi alikuwa mkoloni.

Kisha mtoto aambiwe majina. Janensch alipompa jina yule mkubwa mwaka 1914 alimwita Brachiosaurus brancai, kwa heshima ya Wilhelm von Branca, bosi wa taasisi yao huko Berlin. Siku hizi wataalamu humwita Giraffatitan, lakini "brancai" imebaki. Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Alijua kuchimbua mfupa uliochakaa bila kuuvunja na alifundisha wengine, na kwa miaka mingi wageni wa ukumbi huu hawakumsikia. Mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii, jina lake. Mwaka 2019 akafuata mwingine, Wamweracaudia keranjei: Wamwera ni kabila la wenyeji wa huko, na Mohammadi Keranje aliongoza kikosi kilichomchimbua. Mtoto ambaye baba yake ni Mmwera wa Nachingwea akitamkiwa jina hilo ndani ya Berlin, hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwamba mifupa irudi au isirudi ni mjadala ambao umefika bungeni Dodoma zaidi ya mara moja. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea Novemba 2023 na kuomba msamaha kwa waliyotendewa watu wa kusini. Mifupa bado iko Invalidenstraße. Mtoto akiuliza "kwa hiyo itarudi?", mzazi hana sababu ya kujifanya anajua. Amuulize yeye angependa nini, na kwa nini, kisha asikilize hadi mwisho. Wengine husema irudi yote. Wengine hutaka mmoja arudi na mwingine abaki ili na watoto wa huku wamwone. Mmoja akitaka kujua Lindi kuna ukumbi wenye paa la kumtosha, hilo nalo ni swali la mtu mzima.

Kurudi kuna mtego mmoja. Kituo cha Naturkundemuseum kina jukwaa moja katikati ya reli mbili, treni za pande zote husimama hapohapo, na watoto waliochoka hukimbilia mlango wowote ulio wazi. Kwa wanaorudi Wedding, yule msomaji mdogo aulizwe tena: treni imeandikwa Alt-Tegel?