Picha ya Sumaku ya Moyo Iwafikie Wanyonge

Mwaka 1948 Daktari J. N. P. Davies, mchunguzi wa maiti katika chuo cha udaktari cha Makerere hapa Kampala, aliuandikia ulimwengu habari za ugonjwa wa moyo ambao matabibu walikuwa hawajaueleza vyema. Utando wa ndani ya moyo hufanya kovu gumu, chumba cha moyo kikafinyika, damu ikakosa nafasi, na maji yakajaa tumboni. Wauguao ni hasa watoto na vijana wa jamaa maskini. Wakati ule kovu hilo lilithibitishwa kwa kisu juu ya meza ya maiti. Ukweli ulijulikana, lakini mgonjwa alikwisha kuondoka.

Leo kovu hilo laweza kuonekana mgonjwa angali hai. Mashine ya picha ya sumaku, ijulikanayo kwa herufi MRI, haitumii miale ya eksirei. Mgonjwa hulazwa ndani ya sumaku yenye nguvu nyingi. Mawimbi ya redio hupitishwa mwilini, na maji yaliyomo katika nyama ya mwili huyajibu. Kompyuta huyakusanya majibu hayo na kuyageuza kuwa picha. Kwa kuwa moyo hautulii, picha hupigwa kwa kufuata mapigo yake, na mgonjwa huombwa azuie pumzi mara kwa mara. Kisha hudungwa dawa ya gadolini katika mshipa. Nyama iliyo nzima huiachia dawa hiyo upesi, bali kovu huishikilia, nalo hung'aa jeupe katika picha. Aidha, mashine hiyo hupima damu isukumwayo kwa kila pigo, na huonyesha mshipa mkuu wa damu uliotanuka au ulioanza kuchanika.

Mashine za namna hii zimo Kampala. Lakini mashine kuwamo mjini ni jambo moja, na mwananchi wa Katwe au Namuwongo kuifikia ni jambo jingine. Bei ya kipimo humshinda mchuuzi na kibarua. Tena, si kila penye sumaku pana daktari aliyefunzwa kusoma picha ya moyo. Bunduki mikononi mwa asiyejua kulenga ni mzigo tu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu. Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa Mulago mwaka 1988, ipewe uwezo wa kuwapatia kipimo hiki wagonjwa wanaokihitaji, na mgonjwa aliyeandikiwa na daktari wa moyo asirudishwe mlangoni kwa sababu ya umaskini. Fedha za kununulia mashine ziende pamoja na fedha za kuwafundisha wasomaji wa picha na mafundi, pamoja na umeme wa kutegemewa. Ugonjwa ulioelezwa hapa kwetu haifai uchunguzwe vizuri ng'ambo tu.

Hata hivyo, haitupasi kudai kwamba kila mwenye maumivu ya kifua apelekwe kwenye sumaku. Kazi kubwa hufanywa na vyombo vya bei nafuu: mkanda wa kupimia presha, kipimo cha umeme wa moyo, na ultrasaundi. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba zaidi ya robo ya watu wazima wa Uganda walikuwa na presha, na wengi wao hawakuwa na habari. Presha hiyo ndiyo iuchoshayo moyo na kuipasua mishipa. Wakazi wa Makindye hawana budi kupimwa mapema katika zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu nao, kabla ya kuhitaji hospitali ya rufaa ya Kiruddu. Mtoto mwenye tumbo lililojaa maji apelekwe hospitali bila kukawia. Asifichwe nyumbani kwa dhana ya kurogwa.

Liko onyo moja zaidi, nalo lawahusu hasa askari wa zamani na raia waliojeruhiwa vitani. Sumaku hii huvuta chuma. Kipande cha bomu kilichobaki mwilini chaweza kusogea na kudhuru, hasa kikiwa jichoni au karibu na mshipa mkubwa. Aliyewekewa mashine ya kuendesha moyo, na mwenye ugonjwa wa figo, nao waseme mapema, kwani si kila mashine ya moyo inayovumilia sumaku, wala si kila figo iwezayo kuiondoa dawa ya gadolini. Kunyamaza mbele ya daktari si ushujaa.

Tunatoa wito kwa Wizara ya Afya ilitie jambo hili katika mipango yake, na kwa kila mwananchi atimize sehemu yake kwa kwenda kupimwa presha.