Aliyemchukua mtoto ndiye alete karatasi

Katikati ya miaka ya 1950, huko Utopia katika jimbo la Northern Territory nchini Australia, mama mmoja Mwaborijini alibonyeza dole gumba kwenye fomu ya serikali. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. Ilieleza kwamba mama huyo anaomba mwanawe, Peter Gunner, ambaye baba yake alikuwa Mzungu, asomeshwe na kulelewa kwa utaratibu wa Kizungu. Mtoto akapelekwa bweni la St Mary's, Alice Springs. Zaidi ya miaka 40 baadaye Gunner aliishtaki Serikali ya Shirikisho, na fomu ile ikatolewa mahakamani kumjibu. Agosti 2000 Jaji O'Loughlin alikataa madai yake. Mama aliweka alama, kwa hiyo mama aliridhia. Kama alielewa alichokuwa anakiridhia au hakuelewa, jaji aliona hana ushahidi wa kumwezesha kusema.

Mimi ni karani mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu nimeimaliza katika masjala ya mahakama hapa Kigoma, nikipokea hati, nikigonga mihuri na kutafuta majalada yaliyokaliwa na vumbi. Alama za dole gumba nazifahamu. Mtu asiyejua kusoma akija na hati ya kiapo, humsogezei kidau cha wino akabonyeza, mkaagana. Ni lazima chini ya hati iandikwe kwamba maelezo yamesomwa mbele yake kwa lugha anayoielewa, na aliyemsomea ajulikane kwa jina. Maneno hayo yakikosekana, hati hairuhusiwi kupita. Nimerudisha nyingi, na wenye shida zao wakaninunia. Mama mmoja kutoka Kalinzi aliwahi kuniwakia mbele ya watu: "Mwanangu, kidole ni changu, mnataka nini tena?" Nikamwambia, "Mama, kidole chako tunakiamini. Tusichokiamini ni karatasi."

Ndiyo maana hukumu ile inanikera hadi leo. Mahakama ilikiamini kidole na karatasi vyote viwili, ilhali karatasi iliandaliwa na upande uleule uliomtaka mtoto. Msimamo wangu ni huu: pale ambapo dola ilimtoa mtoto mikononi mwa mama yake, na mtoto huyo akarudi akiwa mtu mzima kudai haki, kazi ya kuthibitisha kwamba mama aliridhia iwe ya dola. Ikishindwa, ilipe. Na kalenda isitumike kumfukuza mdai.

Katika Australia hiyohiyo kuna kesi nyingine inayoonyesha tofauti inayoletwa na jalada likipatikana. Sikukuu ya Krismasi ya 1957, mtoto wa miezi 13 aitwaye Bruce Trevorrow aliumwa tumbo kwenye kambi ya familia yake karibu na Meningie, Australia Kusini. Baba yake hakuwa na gari, akawaomba majirani wampeleke hospitali ya watoto mjini Adelaide. Kule ikaandikwa kwamba mtoto huyu hana wazazi na ametelekezwa. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Januari 1958, alikabidhiwa familia ya Wazungu imlee. Wazazi hawakuulizwa wala hawakuambiwa.

Mama yake, Thora, alijua kuandika. Julai 1958 aliiandikia bodi iliyokuwa inasimamia mambo ya Waaborijini, akiuliza kwa adabu mtoto anaendeleaje na lini ataruhusiwa kurudi nyumbani. Bodi ikamjibu kwamba Bruce anaendelea vizuri, ila daktari bado haoni kama amepona vya kutosha kuondoka. Wakati jibu hilo linapigwa taipu, mtoto alikuwa ameshatoka hospitali zaidi ya miezi sita, analala kwa watu wengine. Barua zote mbili zilibaki kwenye faili. Bruce alimwona mama yake tena akiwa na umri wa miaka kama 10, na ndugu zake aliokutana nao hawakuwa na historia moja naye.

Faili hazikuishia hapo. Mwanasheria wa serikali aliishauri bodi tangu 1949 kwamba haina mamlaka kisheria ya kuchukua watoto kwa namna ile. Mwaka 1958 katibu wa bodi mwenyewe aliandika, katika barua aliyoitaja kuwa ya siri, kwamba kwa miaka kadhaa bodi imekuwa ikichukua watoto wengi wa Kiaborijini bila mamlaka ya kisheria. Yaani walijua, na wakaandika kwamba wanajua.

Trevorrow alifungua shauri 1998. Serikali ya jimbo ilipigana naye hadi mwisho. Tarehe 1 Agosti 2007 Jaji Thomas Gray aliongeza muda wa kufungua madai, akampa ushindi, na akaamuru alipwe dola za Australia 525,000. Jaji aliwatazama ndugu zake waliobaki kwa wazazi: George na Tom walikuwa viongozi wanaoheshimika wa watu wao wa Ngarrindjeri. Bruce alikuwa ameishi maisha ya sonona na pombe. Wazazi ni walewale na umaskini ni uleule; kilichowatenganisha ni ile safari ya hospitali. Hakufaidi ushindi wake kwa muda mrefu. Alifariki Juni 2008 akiwa na miaka 51, kabla rufaa ya serikali haijaamuliwa. Rufaa hiyo, kwa sehemu kubwa, ilitupwa Machi 2010.

Sasa mlinganishe na Lorna Cubillo, aliyeshtaki pamoja na Gunner. Alichukuliwa Phillip Creek mwaka 1947 na kupelekwa makao ya watoto ya Retta Dixon, Darwin. Katika shauri lake maofisa waliohusika walikuwa wameshakufa na nyaraka za kueleza kwa nini alichukuliwa hazikupatikana. Mahakama ikasema kuongeza muda kungeiumiza serikali, maana haina tena mashahidi wa kujitetea. Wa Adelaide alishinda kwa kuwa karani mmoja alitunza barua. Wa Darwin alishindwa kwa kuwa za kwake hazikuonekana. Familia zao zote mbili zilinyang'anywa mtoto.

Nimekaa masjala, najua jalada linavyopotea. Kuna linaloliwa na mchwa, kuna linalolowa mvua, na kuna linalopotea kwa sababu kuna anayetaka lipotee. Katika madai ya watoto hawa, aliyetunza majalada ndiye mdaiwa. Kumwambia mdai alete karatasi zilizoko kabatini kwa mdaiwa, na zikikosekana ahesabiwe kuwa ameshindwa, ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Kuhusu ukomo wa muda, mtoto wa miezi 13 hawezi kwenda kumtafuta wakili. Akikua, anakua akiambiwa kwao hawamtaki. Siku anayogundua ukweli, sheria inamwambia amechelewa.

Wapo wanaosema mahakama si njia yake, bora serikali iweke mfuko wa fidia watu walipwe bila kesi. Nakubaliana nao kwa nusu. Ripoti ya tume ya Australia iliyoitwa Bringing Them Home ilipendekeza fidia tangu 1997. Jimbo la kwanza kulipa kwa mfuko maalumu lilikuwa Tasmania, kwa sheria ya 2006, na kila aliyekubaliwa akiwa hai alipata dola 58,333. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliomba radhi bungeni 13 Februari 2008, lakini radhi hiyo haikuja na senti ya fidia. Victoria ilifungua mfuko wake 2022, robo karne baada ya ripoti, ikilipa dola 100,000. Mtu wa Tasmania na mtu wa Victoria walipoteza kitu kilekile. Tofauti ya malipo yao imetokana na jimbo walikochukuliwa. Mfuko ni mzuri kwa sababu hauwatesi wazee kwa maswali ya mawakili. Ubaya wake ni kwamba serikali ndiyo inayopanga bei, muda na nani anastahili. Mahakama ikiwa haipo nyuma yake kama tishio, mfuko hugeuka sadaka.

Na jambo hili tusilione la mbali. Ng'ambo ya ziwa letu, Wabelgiji walikuwa na utaratibu wao. Katika Kongo na Ruanda-Urundi, mtoto aliyezaliwa na mama Mwafrika na baba Mzungu alionekana kuwa hatari kwa utawala. Maofisa walitafuta watoto hao vijijini na kuwapeleka kwenye misheni. Waliochukuliwa Rwanda na Burundi wengi walikusanywa Save, kusini mwa Rwanda, na karibu na uhuru baadhi yao walisafirishwa hadi Ubelgiji na kugawiwa familia za kuwalea. Katika kumbukumbu, baba aliandikwa hajulikani, hata alipojulikana vizuri.

Wanawake watano wa Kasai, Monique Bitu Bingi, Léa Tavares Mujinga, Noëlle Verbeken, Simone Ngalula na Marie-José Loshi, walichukuliwa kati ya 1948 na 1953, kila mmoja kabla hajatimiza miaka saba, wakawekwa kwa masista wa misheni ya Katende. Serikali ya Ubelgiji iliomba radhi Aprili 2019 kwa kinywa cha Waziri Mkuu Charles Michel. Haikutaja fidia. Mwaka uliofuata wanawake hao walikwenda mahakamani. Desemba 2021 wakashindwa: mahakama ya kwanza ilisema sera ile haikubaliki leo, lakini wakati ule haikuhesabiwa kuwa jinai dhidi ya ubinadamu.

Tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Brussels iliigeuza hukumu hiyo. Ilisema dola ya Ubelgiji ilikuwa na mpango wa kutafuta na kuteka watoto kwa sababu ya asili yao, kwamba hiyo ni jinai dhidi ya ubinadamu, na kwamba jinai ya namna hiyo haina ukomo wa muda. Kila mmoja wa wale watano, wote wakiwa wameshavuka miaka 70, akaamriwa alipwe yuro 50,000.

Hapo ndipo hoja ya "zama zile ndivyo walivyoamini" inapovunjika. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilithibitisha kanuni za Nuremberg Desemba 1946, na Ubelgiji ilikuwa mwanachama. Mtoto wa kwanza kati ya hao watano alichukuliwa 1948. Sheria ilikuwapo kabla ya kosa. Na Australia, katibu wa bodi aliyeandika "kwa siri" asingehitaji siri kama angeamini anachofanya ni halali.

Wengine watasema pesa haimrudishi mama. Kweli haimrudishi. Lakini mtu aliyekatwa mguu kwa ajali ya basi hatumwambii kwamba pesa haioteshi mguu, kisha tukamwacha aende zake. Tunapima hasara na kumtoza aliyesababisha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mzazi mwenyewe mara nyingi ameshakufa akingoja. Kinachobaki mikononi mwa sheria ni malipo, jina halisi la mtoto, na tamko rasmi kwamba mama yake hakumtupa. La mwisho hilo nimeliona hata kwenye mashauri yetu madogo ya mirathi: mtu anakubali kupata shamba pungufu, alimradi hukumu iandike kwamba yeye ni mtoto halali wa marehemu.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Bunge la Ubelgiji litunge sheria ya fidia kwa wote waliochukuliwa katika Kongo, Rwanda na Burundi, lisingoje kila bibi wa miaka 75 akodishe wakili peke yake. Sheria hiyo iseme wazi kwamba faili lisipoonekana, mdai ndiye anayeaminiwa. Na serikali za Kinshasa, Kigali na Bujumbura ziombe nakala za majalada ya watoto hao na kuyaweka mahali ambapo familia zitaweza kuyasoma bila kuomba viza.

Nawe msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyelelewa na masista na hajui kwao, kaa naye wiki hii umwandikie anachokumbuka: jina la mama, kijiji, mto wa karibu, mwaka, jina la misheni na jina alilopewa huko. Msomee ulichoandika kwa lugha anayoielewa, kisha atie sahihi au dole gumba, nawe uandike jina lako kama uliyemsomea na tarehe. Hati ya namna hiyo huenda ikamsaidia siku akienda kudai haki yake.