Bidoni iliyobeba sumu isirudishwe kwenye kasiksi

KAMANYOLA – Kuna tabia moja ambayo inapaswa kukomeshwa katika soko la Kamanyola na katika masoko yote ya bonde la Ruzizi, kuanzia Luvungi na Sange mpaka Uvira. Bidoni iliyokuwa na dawa ya shamba, mazuti au asidi ya betri inasukutwa haraka haraka, inauzwa kama bidoni ya kawaida, na kesho yake inajazwa kasiksi ya watu kunywa. Anayeiuza anapata franga chache. Anayekunywa hajui kilichokuwa ndani kabla ya pombe.

Jambo hili linawagusa wakaaji wote, lakini linawaumiza zaidi wale waliokimbia vita. Februari 2025, mapigano yalipofika Bukavu na kushuka mpaka Kamanyola, makumi ya maelfu ya watu walivuka mto Ruzizi kuingia Burundi, na wengi wao walianzia maisha ya ukimbizi katika uwanja wa mpira wa Rugombo, mkoani Cibitoke. Familia iliyoacha nyumba na vyombo vyake vyote, kitu cha kwanza inachotafuta ni bidoni. Bila bidoni hakuna maji, na bila maji hakuna ugali. Mama asiye na shamba wala mshahara anatafuta pia bidoni ya pili ya kuanzia biashara ndogo, na mara nyingi biashara hiyo ni kasiksi. Kwa pesa aliyo nayo, anachukua iliyo rahisi kuliko zote. Hiyo rahisi ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka.

Kasiksi yenyewe haina kosa hapa. Pombe ya ndizi imesomesha watoto wengi wa Walungu na Uvira. Kazi yake ni ngumu: ndizi zinaivishwa kwa siku kadhaa, zinamenywa, zinakamuliwa kwa majani mpaka maji yatoke, yanachujwa, unga wa mtama uliokaangwa unaongezwa, kisha inaachwa ichachuke. Zamani ilikaa katika vibuyu, mitungi ya udongo na mitumbwi ya miti. Leo inakaa katika bidoni ya njano ya lita 20, ile iliyokuja na mafuta ya kupikia, kwa sababu haivunjiki, inabebwa kwa baiskeli, na kila mtu anajua kipimo chake.

Bidoni hiyo ya mafuta ya kupikia, ikioshwa vizuri kwa maji moto na sabuni, inaweza kutumika tena. Ilitengenezwa kubeba chakula. Tena mdomo wake mwembamba una faida kubwa katika eneo ambamo kipindupindu hakichoki kurudi, kama Uvira inavyojua. Mkono wa mtoto hauingii, wala kikombe kichafu hakichovywi. Mwaka 1993, katika kambi ya wakimbizi wa Msumbiji huko Malawi, watafiti walizipa familia ndoo zenye kifuniko na mdomo wa kumiminia. Maji yalibaki safi zaidi kuliko katika ndoo za wazi, na kuhara kwa watoto wa chini ya miaka 5 kulipungua kwa karibu asilimia 31. Chombo peke yake kilileta tofauti hiyo. Kwa hiyo mtu akisema bidoni zote zitupwe, anawanyima maskini kitu kinachowalinda.

Shida ni zile nyingine, zilizochanganywa nazo katika rundo moja sokoni.

Wauzaji wanajibu kwamba wameziosha. Namna ya kuosha inajulikana: maji kidogo, sabuni ya unga, mchanga na vijiwe, kisha kutikisa mpaka harufu ipungue. Njia hii inaondoa uchafu unaoonekana. Haiondoi kilichoingia ndani ya plastiki yenyewe. Plastiki ya bidoni inaonekana ngumu kama sahani, lakini mazuti, esansi na dawa nyingi za shamba, hasa zile zinazochanganywa na mafuta, zinapenya ndani ya ukuta wake na kubaki humo. Baadaye zinarudi kutoka polepole, na zinatoka kwa urahisi zaidi kama kilichomo ndani kina pombe, kina uchachu au ni cha moto. Kasiksi ina pombe na uchachu. Kanyanga ina pombe kali zaidi, na kuna wanaoimimina ingali na joto la kupikwa. Mchanga nao unaongeza ubaya, maana unaikwaruza plastiki, na katika mikwaruzo hiyo uchafu na vijidudu vinapata mahali pa kukaa.

FAO na OMS, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kilimo na ya afya, yamelieleza jambo hili wazi katika mwongozo wao juu ya dawa za mashamba. Chombo kikishaisha kisukutwe mara 3 palepale, maji hayo yamiminwe katika pampu ya kupulizia ili yaishie shambani, kisha chombo kitobolewe kisitumike tena. Kinatobolewa hata baada ya kusukutwa mara 3. Kusukuta kunapunguza hatari kwa yule anayekikusanya na kukitupa. Hakukigeuzi kuwa chombo cha chakula wala cha maji.

Wengine wanasema pua inatosha: bidoni isiponuka, ni salama. Pua inaweza kukataa mazuti, lakini kuna dawa zisizo na harufu kali, na kasiksi yenyewe ina harufu inayofunika mengi. Ulimi nao si shahidi. Mwaka 2010, katika wilaya ya Kabale nchini Uganda, watu wapatao 80 walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli, spiriti ya viwandani. Waliionja, wakaimeza, na haikuwaonya.

Halafu kuna neno linalosikika kila mara: watu wamekunywa hivi miaka yote na hawajafa. Lakini nani amehesabu? Dawa nyingi za kuua wadudu zinashambulia mishipa ya fahamu. Mtu aliyezimeza anatoka jasho na mate mengi, anatapika, anatetemeka, anayumba, macho yanaona ukungu, kisha anashindwa kupumua vizuri. Mtu huyo akiwa ametoka kunywa, majirani watasema nini? Watasema amelewa. Watamlaza nyuma ya nyumba alale, na asubuhi wakimkuta amekufa watasema pombe imemuua. Nani atakwenda kuuliza bidoni ilitoka wapi? Sumu inayofanana na ulevi haiwezi kuhesabiwa mahali ambapo kila anayeyumba anaitwa mlevi.

Kwa hiyo ni lazima kila nyumba ijue hili. Mnywaji anayetoka mate mengi, anayetetemeka au anayepumua kwa shida asiachwe alale. Alazwe ubavu, asilazimishwe kutapika, apelekwe kituo cha afya mara moja, na bidoni au chupa aliyonywea ipelekwe pamoja naye ili mganga aone alama zake.

Sasa, nani alaumiwe? Mama anayepika kasiksi ndiye anayeonekana haraka, naye ndiye anayebebeshwa kosa. Kumwaga pombe yake na kumtoza faini ni rahisi, kwa kuwa hana wa kumtetea. Lakini kufanya hivyo ni kumkamata wa mwisho katika mstari mrefu. Yeye hakununua dawa ya nyanya wala hakuendesha lori la mazuti. Alinunua bidoni sokoni, mchana, mbele ya watu wote, na soko linalipisha ushuru kila siku. Kama ushuru unakusanywa, basi na ukaguzi unawezekana.

Wa kwanza katika mstari huo ni wauzaji wa dawa za mashamba, na wakulima wakubwa wa mpunga, pamba na nyanya wanaozitumia kwa wingi. Wao ndio wanaomaliza chombo, nao wanajua kilikuwa na nini. Msumari mmoja unatosha. Chombo kikitobolewa chini siku ileile kinapoisha, hakuna atakayekiuza, na hakuna atakayekitia kasiksi. Anayekiacha kizima akakitoa kwa vijana wa kuokota, huku akijua kitafika sokoni, asiseme hakujua. Wauzaji wa mazuti na wa asidi ya betri nao wanahusika vilevile.

Wa pili ni komiti ya soko. Bidoni za mafuta ya kupikia ziwe na mahali pake, na zile za mazuti ziwe mbali nazo, zipigwe rangi nyeusi kuzunguka mdomo, ziuzwe kwa kazi ya mazuti tu. Rangi hiyo haihitaji mradi wa wazungu wala ruhusa ya Kinshasa. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ilitoa amri ya kukataza vifuko na vifungashio vya plastiki, na vifuko bado vinapeperuka barabarani. Anayengoja karatasi nyingine kutoka mbali atangoja sana.

Wa tatu ni mashirika ya msaada. Kanuni zinazofuatwa katika misaada ya dharura zinataka kila familia ipewe vyombo viwili vya maji vya lita 10 hadi 20, kimoja cha kuchotea na kingine cha kuhifadhia. Familia ikipata kimoja, au ikikosa chote, inakwenda kwenye rundo la sokoni. Na unga ukikosekana, hata bidoni mpya itauzwa ili watoto wale. Chombo bila chakula hakikai nyumbani.

Wanywaji nao wana nguvu kuliko wanavyofikiri. Kabla ya kuuliza bei, waulize bidoni ilikuwa ya nini. Wakatae iliyobanduliwa karatasi na haijulikani ilikotoka. Wakatae kanyanga inayopimwa kwa kichupa kilichokuwa cha dawa, hata kama kimeoshwa mara 10. Wauzaji wa dawa nao waache kupima dawa katika chupa za maji na za soda, maana mtoto hasomi, anaona chupa tu.

Mama wa kasiksi aliyekwisha kununua bidoni yenye shaka asiirudishe sokoni kwa mwenzake. Atoboe, apoteze franga hizo, na anunue ya mafuta ya kupikia. Inauma, hasa kwa aliyepoteza kila kitu. Ndiyo maana komiti ya soko na wauzaji wa dawa wanapaswa kumbadilishia bure. Bidoni hizo zilitoka mikononi mwao zikiwa na sumu, na faida ya kilichokuwa ndani walikwisha kuila.