PAPA SHILINGI HAJAHAMA

Wahenga walinena kwamba usilolijua ni usiku wa giza. Nami nakiri kuwa nimeishi katika giza hilo miaka kumi na sita, ingawa kwetu bahari iko karibu kuliko duka.

Mwaka jana wakati wa kaskazi, ami yangu ambaye ni mvuvi alirudi asubuhi na jarife lililoraruka vibaya. Papa shilingi alikuwa amenasa humo usiku. Ami hakumwua. Alishika kisu akakata nyavu zake mwenyewe mpaka yule samaki akatoka. Wiki mbili zilizofuata tulikula kwa kubahatisha, nami nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Nilipolalamika, ami alinijibu, "Mwanangu, yule ni mgeni tu. Kusi ikianza kuvuma ataenda zake."

Hapo ndipo mimi na ami hatukubaliani, na nasema haya kwa adabu. Papa shilingi si mgeni.

Kwa wenzangu ambao hamjamwona, huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Huweza kupita mita 12, yaani urefu wa basi zima! Lakini msimwogope, hali watu. Hufungua kinywa akachuja maji, akala vijidudu na mayai ya samaki. Mgongoni ana madoa meupe, na wazee wa Pwani husimulia kwamba Mungu alipomwona alivyo mzuri alimrushia shilingi kutoka mbinguni. Madoa hayo hayafanani kati ya samaki mmoja na mwingine, kama vile alama za vidole vyetu. Wanasayansi humpiga picha wakamtambua hata baada ya miaka mingi.

Sasa sikilizeni yaliyogunduliwa kisiwani Mafia, kwa jirani zetu wa Tanzania, ambako huitwa potwe. Huko pia huonekana kuanzia Oktoba hadi Februari, halafu kimya. Watu wakasema amehama. Wanasayansi wakawafunga baadhi yao vidude vidogo vinavyotoa mlio, na chini ya bahari wakaweka mitambo ya kuusikiliza. Samaki akipita karibu, mtambo unaandika ni yupi na amepita saa ngapi. Kwa muda wa miaka miwili walilinganisha yale yaliyoonwa kwa macho na yale yaliyosikiwa na mitambo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Macho yalisema hayupo, lakini mitambo ilisema yupo mwaka mzima! Kumbe wakati huo huogelea mbali kidogo na ufuo na kwenda chini zaidi, pengine akifuata chakula chake.

Ni kweli wako wanaosafiri maelfu ya kilomita, na Mafia si Kenya. Lakini bahari ni moja, na somo ni hili: kutoonekana si kutokuwepo.

Najua wengine mtauliza, ati hayo yanatusaidia nini sisi? Yanatusaidia sana. Tukiamini kwamba ameondoka, tutamtunza miezi michache tu, ile ambayo watalii wako. Miezi mingine hakuna atakayejali. Tena hatari yake si nyavu peke yake. Mwaka 2022 wanasayansi walitoa matokeo ya kufuatilia papa hawa karibu 350 kwa setilaiti katika bahari mbalimbali. Waligundua kwamba mahali wanapopita na njia za meli kubwa ni pamoja, na kwamba vifaa vingi vilinyamaza palepale penye meli nyingi. Vingine vilionyesha samaki akizama polepole hadi chini. Hakuna aliyeona, kwa kuwa meli haisimami kutazama ilichogonga. Na sisi wenye bandari kubwa ya Mombasa tusijifanye hayatuhusu.

Kwa maoni yangu, meli zinafaa kupunguza mwendo zinapopita mahali papa hawa wanapokusanyika. Pili, matokeo ya utafiti yasibaki kwenye vitabu vya Kizungu. Yaletwe kwa Kiswahili ufuoni panapouzwa samaki, wavuvi wayasikie. Tatu, mvuvi anayekata nyavu zake ili papa aishi asiachwe na hasara peke yake. Huko Mafia watalii hulipa ili waogelee na samaki huyu. Basi popote pesa za namna hiyo zinapoingia, sehemu yake inunue nyavu.

Nilimweleza ami haya yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kama ni jirani, na atunzwe kama jirani. Lakini jarife langu nani atalilipa?"

Swali hilo nawaachia nyinyi wanafunzi wenzangu, walimu wetu na wakubwa wote wenye uwezo. Ami alikwisha kulipa sehemu yake. Hapa natia nanga.