Kisu cha Elfu Thelathini ni Usanii, na Mnajua

Wasee, wacha niseme mapema ili mwenye kukasirika akasirike mapema: hakuna mtu Rangwe anahitaji kisu cha elfu thelathini. Si Kochia, si Kagan, si Gem Mashariki wala Gem Magharibi. Ukikitaka, sawa, ni doh yako. Lakini usikuje kutuambia ni "investimenti".

Mnajua video zenyewe. Jamaa amevaa jaketi ya kijani, yuko msitu wa wazungu wenye baridi, anafungua boksi polepole kama anafunua mtoto. Anatoa kisu kizito kisichokunjwa, anakata karatasi, anapasua kuni, anasema hiki kinaweza okoa maisha yako. Halafu linki iko hapo chini. Na komenti zimejaa watu wetu: "Hii ikifika Homa Bay ni ngapi?"

Haya, tuhesabu. Na kabla mniambie dropout hajui hesabu: niliacha chuo, kuzidisha sikuacha.

Chukua Fällkniven A1 ya Sweden, moja ya visu vinavyosifiwa sana. Bei yake inapita dola 200. Dola ikiwa karibu shilingi 129, hapo tayari umevuka elfu ishirini na tano, na kisu bado kiko Ulaya. Ongeza kusafirisha. Ongeza ushuru wa forodha. Ongeza VAT, asilimia 16. Elfu thelathini inakuja yenyewe bila kuitwa. Panga nzuri hapa sokoni haifiki elfu moja. Yaani kwa bei ya kisu kimoja unanunua panga thelathini, unapea kila boma kwa kijiji na bado unabaki na za kuuza.

Sasa tuwe wa haki, kwa sababu sitaki kuwa mtu wa kelele tu. Hivyo visu si takataka. Chuma kinapita mzima mpaka mwisho wa mpini, kwa hivyo hakivunjiki shingoni kirahisi. Kimepikwa kwa joto lililopimwa, kwa hivyo makali yanakaa. Ndugu yake mdogo, Fällkniven F1, ndicho kisu ambacho jeshi la anga la Sweden liliwachagulia marubani wake mwaka wa 1995. Sasa fikiria huyo rubani: ndege imeanguka, yuko kwa theluji, usiku ni mrefu, hana kitu kingine cha chuma isipokuwa kile kimefungwa kwa mwili wake. Huyo mtu mpe kisu cha bei yoyote. Anastahili.

Lakini wewe, omera, umeanguka na ndege gani?

Shida yetu haifanani na yake. Hapa ukipotea sana, utatokea kwa boma ya mtu na uulizwe wewe ni mtoto wa nani. Hata Ruma, mbuga yetu pale bonde la Lambwe, ni kama kilomita mraba 120, na kuna maaskari wa KWS. Vitu vinavyotuumiza huku ni malaria, maji machafu, radi, mafuriko na nyoka kwa shamba la miwa. Niambie kisu kinatibu gani hapo. Na tafadhali, ile ya filamu ya kukata mahali nyoka ameuma ili unyonye sumu, usijaribu. Inaongeza kidonda tu. Mtu akiumwa, atulie, mguu usichezeshwe, apelekwe hospitali haraka. Kitu kinachookoa maisha hapo ni simu yenye chaji na nduthi yenye mafuta. Gambuti zingezuia hata asiumwe.

Tukuje kwa kazi zenyewe. A1 ina ubapa wa sentimita 16 na unene wa milimita 6. Jaribu kufyeka ua nacho, utainama mpaka jioni. Jaribu kumenya viazi vitamu na chuma cha milimita 6, utatupa nusu ya kiazi. Mama anayepasua samaki pale Homa Bay mjini anatumia pala ya bei ya soda chache, nyembamba, na ukimpa hiyo yako atakurudishia akicheka. Kwa miti panga inakishinda. Jikoni kisu kidogo kinakishinda. Kinashinda wapi? Kwa video.

Halafu kunoa. Hii hawawaambii. Panga ni chuma laini kidogo, na watu wanadhani huo ni udhaifu. Ulaini ndio unafanya unoe kwa tupa, ama hata kwa jiwe la mtoni, dakika tano umerudi kazini. Chuma kigumu cha hivyo visu kinateleza chini ya tupa, kinataka jiwe maalum ama la almasi. Kwa hivyo siku makali yakiisha uko shambani na kitu ya elfu thelathini isiyokata. Na si vyote havishiki kutu. ESEE ya Marekani, ambayo mashabiki wanaapa nayo, hutumia chuma cha kaboni kinachoitwa 1095. Ukiiacha na maji inashika kutu kama tu panga ya nyanya yako.

Mtasema, "Lakini ina waranti ya maisha." Kweli, ESEE wanabadilisha kisu kikivunjika. Sasa wewe peleka hicho kisu posta, ukitume Marekani, ungoje kirudi, ulipe tena ya kukitoa forodha. Fundi wa panga yako yuko umbali wa nduthi ya hamsini.

Na jina kubwa si chuma kizuri kila saa. Mnamkumbuka Bear Grylls wa runinga. Gerber waliuza parang yenye jina lake, na parang ni panga ya Wamalay, hakuna siri hapo. Mwaka wa 2012 ilibidi waiitishe irudishwe, kwa sababu pale chuma kinakutana na mpini pangeweza kupasuka ikikata. Panga ya shujaa wa kunusurika ikawa ndiyo hatari yenyewe.

Sasa tufike mahali panaponiuma.

Huku kwetu fundi anachukua springi ya lori iliyozeeka, anaikata, anaiweka kwa moto, anaigonga mpaka iwe panga, kisu ama jembe. Chuma cha springi si cha mchezo. Kimetengenezwa kubeba tani na kujipinda bila kuvunjika. Simi nyingi za Wamaasai siku hizi zinatoka kwa springi hizo hizo. Nenda Nepal: khukuri, kile kisu kilichopinda cha askari wa Gurkha, wahunzi wao wanakitengeneza kwa springi za malori pia. Malighafi ni ile ile yetu. Tofauti ni kwamba wao wanaiuza dunia nzima na hadithi yake, na mzungu analipa dola bila kulia.

Sisi je? Fundi akisema mia nane, tunamwambia mia tano. Akisema mia sita, tunaondoka ili atuite. Halafu tunarudi kitandani, tunafungua linki, tunaona elfu thelathini, na hatuulizi hata kama inapungua. Tunabishana na jirani juu ya soo tatu na tunamlipa mgeni tusiyemjua bei yake nzima. Hiyo si kupenda ubora. Ni kuamini kwamba kitu kizuri lazima kitoke mbali.

Na mafundi pia, msikie hapa. Wengine mnatuangusha. Kuzima chuma kwa maji ya baridi na kuachia hapo kunafanya kiwe kama chupa. Kigonge mfupa kinakatika. Kinafaa kirudishiwe moto wa pole baada ya kuzimwa ili ugumu upungue kidogo na ustahimilivu uingie. Mpini wa kamba ya mpira si mpini. Wekeni ubao mzuri, ribiti tatu, ala ya ngozi. Itisheni elfu mbili. Ikiwa kazi imesimama, mimi nitalipa, na nitaipigia video ya bure.

Kama lazima uwe na kisu cha nje, kuna Mora Companion, ya Sweden pia, bei yake huko ni chini ya dola 25. Mafundi wa Skandinavia wanakitumia kazini kila siku na hakuna mtu anakifungulia boksi kwa muziki wa huzuni. Kwa mkulima, mvuvi, fundi wa mbao, kinatosha na kinabaki.

Kwa hivyo, je, kile cha elfu thelathini kinastahili bei? Kwa rubani wa Sweden, ndio. Kwa askari anayelala mwituni wiki mbili, pengine. Kwa kijana wa Rangwe ambaye adui yake mkubwa ni bando kuisha, hapana, na hiyo elfu thelathini ni mbuzi kadhaa ambao wangezaa. Kisu hakizai.

Wenye kunipinga, komenti ziko wazi. Lakini kuja na kazi moja, moja tu, uliyofanya hapa nyumbani na panga ikashindwa.