Mkopo Usio na Riba Bado ni Deni



Katika nyumba nyingi za Waislamu, kijana akitaja mkopo mbele ya wazazi wake huulizwa swali moja kabla ya mengine yote: una riba? Ni swali la haki na la kheri. Riba ni haramu, na riziki iliyochanganyika nayo haina baraka. Swali hilo limewaepusha wengi na mikopo ya mitaani ambayo wakopaji wenyewe wameipa jina linaloifaa, kausha damu. Lakini lipo swali la pili, na hilo ni wachache wanaoliuliza: je, kijana huyu atalipa? Wengi wetu tukisikia mkopo hauna riba, twaona mazungumzo yamekwisha. Wiki hii tulizungumze swali hilo la pili, kwa kuwa upo mkopo wa fedha za umma ambao umefaulu swali la kwanza ukakwama katika la pili.

Mkopo huo ni ule wa asilimia 10 ya halmashauri. Kwa miaka mingi Serikali za Mitaa za Tanzania Bara zilikuwa zikiagizwa kutenga sehemu ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya wanawake na vijana. Agizo lilikuwepo, utekelezaji ulitegemea hiari ya mkurugenzi. Mwaka 2018 Bunge lililifanya jambo hilo kuwa sheria, kwa kuongeza kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290. Tangu hapo kila halmashauri inawajibika kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vikundi vya vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo hutolewa bila riba. Kanuni zake zilitoka mwaka 2019. Mwanzoni kikundi cha vijana au cha wanawake kilitakiwa kuwa na watu wasiopungua 10. Baadaye idadi ikashushwa hadi 5.

Tuipime neema hiyo kwa mfano. Tuchukulie vijana watano waliojifunza ushonaji wamekopa shilingi milioni 12 za kununulia vyerehani na vitambaa, walipe kwa miezi 24. Kila mwezi kikundi kitarejesha shilingi 500,000, yaani shilingi 100,000 kwa kila mmoja. Akifanya kazi siku 26 za mwezi, kila mmoja aweke kando shilingi 4,000 kwa siku na deni litalipika. Vijana haohao wangekopa fedha hiyohiyo kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, ikikokotolewa juu ya mkopo wote, wangelipa shilingi 4,320,000 zaidi. Hiyo ni bei ya vyerehani kadhaa, na ingeondoka mikononi mwao bila kurudi.

Wenzetu wa Kenya hawakupata urahisi huo katika kila mfuko. Mfuko wao wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2013, hautozi riba, ila hukata asilimia 3 ya gharama za uendeshaji. Lakini Hustler Fund, uliozinduliwa Novemba 30, 2022 na kutolewa kwa njia ya simu, unatoza asilimia 8 kwa mwaka. Kijana wa Kiislamu wa Mombasa au Garissa anayeogopa riba anautazama mfuko wa Serikali yake kwa mbali. Kijana wa Tanga, Kondoa au Kigoma hana kizuizi hicho kwa mkopo wa halmashauri yake. Basi itakuwa hasara kubwa iwapo mlango huu utafungwa kwa mikono ya wale uliofunguliwa kwa ajili yao.

Na uliwahi kufungwa. Mwezi Aprili 2023 Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zilikuwa zimeeleza, mwaka hadi mwaka, habari ya mabilioni ya shilingi yasiyorejeshwa, pamoja na vikundi ambavyo wakaguzi walivitafuta wasivione. Mwaka 2024 mikopo ikarejeshwa kwa utaratibu mpya: halmashauri 10 kati ya 184 zilichaguliwa kuanza kwa majaribio ya kupitishia fedha benki, na nyingine ziliendelea kwa mfumo ulioboreshwa wenye kamati za uhakiki. Katikati hapo, kwa zaidi ya mwaka mzima, kijana mwaminifu aliyekuwa na katiba ya kikundi, akaunti ya benki na andiko la mradi alisubiri pamoja na asiye mwaminifu. Deni la mmoja likawa adhabu ya wote.

Waungwana wasema, kukopa harusi, kulipa matanga. Katika fedha za umma methali hiyo huzidi ukali, kwa sababu mkopaji hamwoni mwenye kudai. Akikopa kwa jirani, atakutana naye kisimani, sokoni na msikitini, na haya itamsukuma alipe. Akikopa halmashauri, anayemdai ni ofisi. Na ofisi haina uso. Ndipo linapozaliwa lile neno linalosemwa bila woga barazani: hizo ni hela za Serikali, nasi ndio wananchi, tunachukua chetu.

Neno hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayolifanya liwe hatari. Ni kweli fedha ni za wananchi. Mapato ya ndani ya halmashauri ni ushuru wa soko, ada za leseni za biashara, ushuru wa mazao na maegesho ya stendi. Humo mna shilingi za mama muuza mchicha aliyekatiwa risiti alfajiri kabla hajauza fungu la kwanza, na shilingi za mkulima wa korosho na muuza samaki. Kwa hiyo asiyelipa hajaidhulumu ofisi. Amemdhulumu mama yule. Tena amemdhulumu kijana mwingine aliye kwenye orodha, kwani fedha inayorejeshwa ndiyo inayokopeshwa tena kwa kikundi kinachofuata. Isiporudi, mnyororo unakatika.

Hapa Muislamu ana la kufikiri zaidi ya wengine. Wanazuoni wetu hutufundisha kwamba dhambi baina ya mja na Mola wake yatarajiwa kusamehewa kwa toba ya kweli, lakini haki ya mja mwenzako hubaki mpaka uirejeshe au mwenyewe akusamehe. Ukimdhulumu mtu mmoja, unajua mlango wa kubisha. Ukila mali ya wilaya nzima, utaomba radhi kwa nani? Utamfuata kila aliyelipa ushuru, hadi waliohama na waliokwishafariki?

Tunazo ada zetu za mazishi zinazotukumbusha jambo hili, ila tumezizoea mno. Kabla ya jeneza kuswaliwa, husimama mmoja wa jamaa akasema: ikiwa yupo anayemdai marehemu, aje atuone sisi. Ada hiyo ina asili nzito. Imepokewa kwamba Mtume wetu (SAW) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni bila kuacha cha kulilipia, naye akajizuia kumswalia mpaka sahaba mmoja, Abu Qatada, alipojitolea kulibeba deni lile. Siku hiyo ya jeneza muuza duka atajitokeza, na aliyekopesha mbao vilevile. Nani atasimama kwa niaba ya soko zima? Deni la umma halina wa kunyoosha mkono makaburini, na kwa hiyo huenda kaburini na mwenyewe.

Haya hatuyasemi ili kumtisha kijana asikope. Kukopa kwa haja na kwa nia ya kulipa hakuna lawama, na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 ya Suratul Baqarah, ni aya ya deni: inaamrisha liandikwe, liwekewe muda na lishuhudiwe. Dini iliyotoa nafasi hiyo kwa uandishi wa deni haikukusudia watu wake waikimbie biashara. Imekusudia wakope kama watu wazima.

Basi wazazi tuna kazi, na kazi hiyo huanza kabla fomu haijajazwa.

La kwanza ni kuacha kuidharau kazi ya mikono. Kijana amemaliza chuo, amefuga kuku mia mbili nyuma ya nyumba, na baba anawaambia wageni kwamba mwanawe "bado anatafuta kazi". Neno hilo linamvunja moyo kijana na kumfundisha kwamba mradi wake ni wa kupitisha muda. Mwenye mradi wa kupitisha muda hawezi kuulipia deni kwa dhati. Bibi Khadija (RA) alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (SAW) alisafiri na bidhaa zake hadi Sham kabla ya utume. Biashara katika umma huu haijapata kuwa kazi ya walioshindwa.

La pili ni kuwahimiza waanze kidogo kwa chao. Mwanafunzi aliyeko chuoni asisubiri mahafali. Yeye na wenzake wanne wa kata moja waweke hata shilingi 2,000 kila wiki kwa miezi sita, waone nani ni mwaminifu, nani hutoa visingizio, na nani anajua kutunza fedha ya wenzake. Kikundi kilichokutana siku ya kujaza fomu husambaratika siku ya kugawana fedha. Na kugawana huko ndiko kunakoua mikopo mingi: milioni 12 ikikatwa vipande vitano huacha kuwa mtaji, ikawa simu, pango la nyumba na mahari.

La tatu ni daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila senti iingiayo na itokayo iandikwe, na kila mwisho wa mwezi wanakikundi wote waone hesabu na kutia saini. Katika misikiti yetu hawakosekani walimu wa hesabu, wahasibu na wastaafu wa benki. Mmoja wao akitoa saa moja kwa wiki baada ya swala ya Isha, akawafundisha vijana kutenganisha mtaji na faida, atakuwa amewapa msaada mkubwa kuliko mchango wa fedha. Vivyo hivyo kwa mabinti zetu na mama zao, ambao sehemu yao ya asilimia 4 ni haki yao kisheria. Asiwepo baba wa kuwatuma wakope kwa jina lao kisha fedha aitumie yeye.

La nne ni kumuuliza kijana swali lile la pili, waziwazi, mezani: mwezi ambao wateja watapungua, utalipa kwa nini? Akikosa jibu, asubiri. Mkopo uliochelewa hauui, ila deni lisilo na mpango huwafikia hata wasiokopa ndani ya nyumba.

Lakini mizani haina upande mmoja. Halmashauri nazo zina deni la uadilifu kwa vijana. Fedha za sheria si takrima ya kiongozi, na hazifai kukabidhiwa kwa mfano wa hundi kubwa jukwaani kisha zisifuatiliwe. Kikundi kinapopewa fedha ya ufugaji bila kumwona afisa mifugo hata mara moja, au fedha inapofika msimu wa kilimo umepita, kushindwa kwake hakutoki kwa wanachama peke yao. Afisa anayedai chochote ili apitishe jina amekwishaupunguza mtaji kabla haujaanza kuzaa, na dhambi yake haina jina jingine ila rushwa. Orodha za waliopewa na waliorejesha zibandikwe katika ofisi za kata, ili mama muuza mchicha ajue shilingi yake imekwenda kwa nani. Aibu ambayo ofisi haiwezi kuitia kwa mkopaji, jirani ataitia.

Ndugu zangu, mara nyingi tumelalamika, kwa haki, kwamba mifumo ya fedha nchini haikuwekwa kwa kuzingatia imani yetu. Huu mmoja, kwa kukusudiwa au bila kukusudiwa, umewekwa kama tunavyotaka. Tukiurejesha kwa ukamilifu, tutakuwa na hoja ya kuomba mingine mfano wake. Tukiutafuna, hatutakuwa na la kusema siku watakapouwekea riba kwa kisingizio cha kufidia hasara.

Tumuombe Allah (SW) awaruzuku vijana wetu riziki ya halali, awape ujasiri wa kuanza na uaminifu wa kumaliza, na atukinge sote na deni la kutushinda. Amin.

Wabillahi tawfiq.