WAYA MWEMBAMBA NI FAIDA YA NANI?



Mafundi wetu wa stima wanaifahamu sana amri hii ya msimamizi: "Tia waya huo uliopo, stima itapita." Ni kweli itapita, lakini itapita na joto. Mkondo ukiongezwa mara mbili, joto ndani ya waya huwa mara nne. Plastiki iliyoufunika hulainika, kisha hukauka na kupasuka, na moto huanzia ukutani watu wakiwa wamelala.

Twapenda kukumbushana hesabu, maana fundi asiyejua hesabu hana la kumjibu msimamizi. Chukua wati za chombo, ugawanye kwa volti 240. Mtambo wa kuchemsha maji wa wati 4,800 huvuta ampea 20. Fyuzi isipungue mkondo huo, na uwezo wa waya usipungue fyuzi.

Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, ukipita ndani ya paipu juu ya ukuta, huchukua ampea 24 hivi. Msimamizi atasema yatosha. Lakini hizo 24 ni kwa hewa ya digrii 30, na waya za mtambo huo zikiwa peke yake katika paipu. Chini ya mabati, hewa ikifika digrii 40, zinabaki 21 hivi. Zikibanwa pamoja na za mitambo mingine miwili, hazifiki hata 15. Hapo waya utaungua na fyuzi ya 20 imenyamaza. Kazi hiyo yataka milimita 6.

Umbali nao una haki yake. Mkondo huo wa ampea 20 ukisafiri mita 50, waya wa 2.5 hupoteza volti 18 njiani. Wa 6 hupoteza 7 tu. Na kama fyuzi yakatika kila siku, kuweka kubwa zaidi bila kubadili waya ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango.

Kontrakta akipunguza shaba, faida huingia mfukoni mwake. Nyumba ikiungua, jina litakalotafutwa ni la fundi aliyefunga. Basi kila fundi aandike daftarini kipimo alichotaka, kile alichopewa na tarehe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi aonapo hatari kubwa, na yamkataza mwajiri kumfukuza kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama.

Mtu mmoja akikataa waya mwembamba ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, kontrakta atarudi dukani kununua ule unaofaa. Atakayetishwa kwa ajili hiyo na alete daftari lake kwa mwakilishi wa chama upesi, kabla ukuta haujapigwa plasta.